Ulizeni Kwanza Nani Atasikia

Kila wiki kuna mmoja wenu, ninyi vijana mlionirithi kazini, anayenipigia simu. Mnanisalimia vizuri, mnauliza habari ya mguu wangu, kisha swali linakuja: "Mama Nsimire, hii kazi mpya tuifungulie mradi wake ndani ya programu, ao tuiache mule mwa zamani?" Mnataka ndiyo au hapana, upesi, kabla yuniti hazijakwisha. Mimi siwajibu upesi. Najua mnaambiana kwamba mama amezeeka, amesahau. Sikusahau. Nikisikia swali hilo natega sikio, kama mtu aliyesikia mlio mzito upande wa uwanja wa ndege na hajui kama ni radi. Nangoja mlio upite kwanza, ndipo nijibu.

Leo sina haraka, na karatasi haikatiki kama simu. Nitawajibu wote mara moja.

Ninyi mmesoma. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, kwa sababu baba alikufa, na mama akamfuata kabla machozi ya kwanza hayajakauka. Tulibaki watoto watano, mimi wa kwanza. Baba wadogo walikuja Goma kutoka Bukavu kwa boti, wakakaa sebuleni, wakaanza kutugawa kama mafungu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: wawili kwa huyu, mmoja kwa yule, kitinda mimba aende na shangazi. Nilikuwa nyuma ya pazia nikisikiliza. Nilitoka nimeshika sahani kubwa ya mama, ile ya bati iliyobanduka ukingoni.

"Hapa hakuna mutoto anatoka," nilisema.

Baba mdogo mmoja alicheka. "Na weye utabalisha na nini, mutoto wa mwanamuke?"

"Na hii sahani."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Lakini walirudi na boti yao bila mtoto hata mmoja. Tangu siku ile tulikula watano kwenye sahani moja. Hakuna aliyepakuliwa pembeni, hata aliyechelewa, hata mwenye homa. Niliamini, na ni hofu iliyonifundisha kuamini, kwamba nyumba inayoanza kutenga sahani itamaliza kwa kutenga watoto.

Nawasimulia habari ya sahani kwa sababu niliingia nayo kwenye kompyuta.

Pale kwenye shirika la maji nilianza na ufagio. Watu walikuwa wanakuja mlangoni kulalamika: bomba la mtaa wa Ndosho limekauka, tiyo, lile bomba la chini ya ardhi, imepasuka mtaa wa Birere chini ya meza za wauzaji. Mpokeaji alikuwa hana subira, anawaambia warudi kesho. Mimi niliona aibu kuwaacha waende na maneno yao mdomoni, nikawa nawaandikia kwenye kaye, daftari la shule la mdogo wangu. Siku moja Muzee Selestini, aliyekuwa fundi wa kompyuta na mtu wa kwetu upande wa Bukavu, aliiokota mezani.

"Nani anaandika hivi?"

Nilificha ufagio nyuma yangu, sijui kwa nini. "Ni miye, Muzee. Samahani."

"Samahani ya nini? Ingenieri bangu hawaandike mahali bomba iko. Weye umeandika mpaka rangi ya mulango wa jirani." Akafunga kaye. "Kesho ufagio upewe mutu mwingine, weye uandike kwenye kompyuta."

Nilikwenda nyumbani. Sikuwa na furaha, nilikuwa na woga kwamba watagundua sikumaliza shule. Woga huo sikuuacha miaka yote ile. Programu ilikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa cha mwaka wa pili, kimekatika katikati. Muzee alinikatia kipande cha katoni, akaandika maneno kumi na mawili ya programu upande mmoja, na maana yake kwa Kiswahili upande wa pili. Nilikiweka chini ya kibodi. Mgeni akija, nilikifunika na kiwiko.

Kwa wale ambao bado ni wapya kabisa: programu ile ni kaye isiyoisha. Kila tatizo linapewa karatasi yake, tunaiita tiketi: kitu gani kimeharibika, wapi, nani anashughulikia, wamefika wapi. Tiketi zinakaa ndani ya miradi, kama karatasi ndani ya masanduku. Kila aliyepewa ruhusa ya sanduku anaona karatasi zote zilizomo. Na sanduku likipokea karatasi mpya, simu ya kila mmoja wao inalia: ting. Shikeni hilo la mwisho.

Mwanzoni tulifungua masanduku kumi na manne, moja kwa kila mtaa. Tulifikiri ni akili. Kaye zilikuwa hivyo, na mkubwa wetu alipenda kuona majina ya mitaa yamepangwa kwenye ukuta. Asubuhi moja tiyo ikapasuka mpakani mwa Ndosho na mtaa wa jirani. Watu wa huku waliripoti, watu wa kule waliripoti, na dereva aliyepita akaripoti kwa mtaa anakolala yeye. Tiketi tatu, masanduku matatu, hakuna aliyeona ya mwenzake. Mafundi wa timu tatu wakakutana kwenye shimo moja na sululu zao.

"Toka hapa, hili shimo ni yetu."

"Yenu? Mulilizaa?"

"Sisi tuko na namba ya tiketi!"

"Na sisi hatuna? Soma basi, kama unajua kusoma!"

Mama mmoja aliyekuwa anauza makaa pale kando alisimama na kupiga makofi. "Goma iko na baraka," akasema. "Maji hatuna, lakini mafundi tuko nao kibao."

Muzee Selestini alituita. Aliuliza maswali matatu. Wanaotengeneza ni watu tofauti? Hapana, wote ni mafundi wa tiyo. Hatua za kazi ni tofauti? Hapana: kuona, kuchimba, kutengeneza, maji yametoka, kufunga. Watu wanaoruhusiwa kujua ni tofauti? Hapana. "Basi ni sanduku moja," akasema. "Mutaa ni etiketi tu, kama ile ya bei kwenye nguo. Unaibandika, ukitaka kuona Ndosho unachagua Ndosho. Mradi si jina ya mahali. Mradi ni mulango. Mutu anaweka mulango kwa sababu ya batu, si kwa sababu ya ukuta."

Maneno hayo yalikuwa na sehemu mbili. Mimi nilisikia moja tu: usitenge. Moyo wangu ulifurahi kana kwamba mama amefufuka na sahani yake mkononi. Tukaunganisha masanduku kumi na manne yakawa moja, tukaliita Mabomba, na mimi nikawa askari wake. Yeyote aliyekuja kuomba mradi wake nilimrudisha.

Watu wa karakana ya magari waliomba mara tatu. Niliwakatalia mara tatu. Matokeo yake, tiketi ya gari haikuweza kufungwa bila kupita kwenye hatua ya "maji yametoka". Fundi wa magari aliibonyeza kila siku bila kusema kitu, mpaka siku moja alinijia na mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Mama Nsimire, leo nimeandika ukweli."

"Ukweli gani?"

"Gari ya directeur, mukubwa wetu. Maji yametoka. Kwenye radiatere."

Tulicheka ofisi nzima. Ningekuwa na akili ningesikia kicheko kile kinasema nini: kazi yenye hatua zake mwenyewe inahitaji sanduku lake. Lakini mimi niliona sahani, nikaona mtoto anayetaka kula pembeni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kwa sababu hata leo sipendi kulikaribia.

Kila Jumanne nilipanda Kanyaruchinya, kwenye kambi, kusikiliza wakimbizi wa vita kuhusu mabomba tuliyowawekea. Mahema yalisimama juu ya mawe meusi ya mlima wa moto, yamebanana, na foleni ya bidoni, madumu ya maji, ilianza kabla watu hawajaamka: bidoni zililala kwenye mstari zenyewe, kila moja na jiwe juu yake kushika nafasi ya mwenyewe. Msimamizi wetu pale tulimwita Papa Firimbi. Alikuwa na firimbi ya refa shingoni, anaipuliza kufungua bomba na kulifunga. Alikuwa mcheshi. Alitania vizee, alibeba bidoni za wajawazito. Tulimpenda, na ndilo linaloniogopesha mpaka leo: kwamba sikuona kitu.

Jumanne moja mwanamke mmoja kutoka milima ya Masisi alinisogelea. Jina lake siandiki hapa. Bidoni za kambi nzima zilikuwa za njano, yake ilikuwa ya bulu, kwa hiyo nitamwita Mama wa Bidoni ya Bulu. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alichutama karibu nami akisugua bidoni kwa mchanga, na alizungumza na bidoni, si na mimi.

"Mama wa kaye. Nikuambie?"

"Niambie, mama."

"Ule mutu wa firimbi anasema nianze kupita kwenye kibanda chake, ndo bomba ifunguke. Banamama bengine banapita. Mimi nilikatala." Alisugua. "Leo ni siku ya tatu. Nikifika, anapiga firimbi, anasema bidon yangu inanuka petroli, itachafua maji ya batu. Batu banacheka. Mutoto anakunywa maji ya mvua."

Mkono wangu uliandika wenyewe. Jina, safu ya hema, maneno yake. Nilimwambia atulie, nitalipeleka mahali panapofaa. Aliniangalia mara moja tu, kisha akaondoka.

Mahali panapofaa. Kesho yake asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta, na mimi mahali nilipopajua palikuwa pamoja tu, sanduku la wote. Muzee alinifundisha kwamba kichwa cha tiketi kiseme yote, ili fundi asihangaike. Basi niliandika kwenye kichwa: jina la mama, safu ya hema lake, na kwamba Papa Firimbi anamnyima maji kwa sababu amemkatalia. Nikachagua mradi wa Mabomba. Nikabonyeza.

Ting, kwenye meza ya kushoto. Ting, dirishani. Ting, ting, kwenye korido. Nilihesabu bila kutaka. Simu nane.

Mama wa stoo, aliyekaa nyuma yangu, alisoma kwa sauti. Akasoma jina. Akasoma safu ya hema. Halafu akageuza kiti. "Eh, Mama Nsimire," akasema polepole. "Si na Papa Firimbi iko mule?"

Alikuwa mle. Tulimpa simu ya kazi ili afunge tiketi za mabomba yake. Simu ya tisa ilikuwa Kanyaruchinya, shingoni mwake, karibu na firimbi.

Nimekimbia mlima ukitema moto, nikiwa na mdogo wangu mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Nimelala sakafuni nikisikia vioo vya jirani vinaanguka. Lakini sijawahi kusikia baridi kama ile. Zile hofu nyingine zilitoka nje. Hii nilikuwa nimeitengeneza mimi, kwa kidole changu, kwa hati nzuri.

Nilijaribu kuifuta tiketi. Programu ikakataa: mwenye ruhusa ya kufuta na kuhamisha alikuwa Muzee Selestini peke yake, na Muzee alikuwa katikati ya ziwa, ndani ya boti ya kwenda Bukavu. Nilipiga. Hapatikani. Nilipiga tena. Hapatikani.

"Tulia," alisema mama wa stoo. "Kule rezo haiko. Anapandaga kwenye mawe saa sita, ndo messages zinaingia."

Kweli. Tulijua wote lile rundo la mawe nyuma ya mabomba. Kule chini simu ilikuwa kipande cha plastiki, lakini ukipanda juu kabisa na kugeukia mjini, mtandao, ile rezo, ulikuja. Kila saa sita, akishafunga bomba, alipanda. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano kasoro dakika chache.

Mdogo wangu Bahati, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anaegesha Ndosho. Nilimpigia.

"Yaya, niko na muteja."

"Mushushe. Unipeleke Kanyaruchinya."

"Leo? Yaya, banasema barabara iko mubaya. Kuna barriere mupya."

"Bahati."

"Nakuja."

Njiani nilimweleza Bahati yote. Kwenye kizuizi watu wenye bunduki walitusimamisha, wakatuambia tukae kwenye jiwe tungoje. Hawakutuuliza kitu. Hilo ndilo baya: kungoja bila swali. Jua lilikuwa linapanda, na mimi nilikuwa nasoma kichwa cha tiketi yangu ndani ya kichwa changu, jina, safu, jina, safu. Hatimaye mmoja aliuliza, "Mama, unaenda kufanya nini kule?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Bomba imeharibika. Ni mimi niliiharibu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alicheka, akatufungulia kamba.

Tulipofika nilitega sikio kwanza. Firimbi haikulia. Bomba lilikuwa limefungwa, bidoni zimelala na mawe yao juu. Bidoni ya bulu ilikuwa nje ya mstari, na mwenyewe ameketi juu yake, mtoto mgongoni. Na kwenye rundo la mawe, nusu ya njia, mgongo wa Papa Firimbi ulikuwa unapanda.

"Ule mama," nilimwambia Bahati. "Mwambie mama wa kaye anamwita. Apande pikipiki na mutoto. Usiulize, usipige honi."

Mimi nikapanda mawe. Mawe yale yanakata. Kiatu kimoja kilibaki njiani, na mguu mnaouliza habari yake kila wiki uliumia pale.

"Papa Firimbi!"

Aligeuka, akatabasamu. "Mama Nsimire! Leo si siku yako. Umenikumbuka?"

"Nikopeshe simu. Yangu imekufa, na kuna mugonjwa Bukavu."

Kwetu hakuna anayemnyima mama simu mbele ya ugonjwa. Alinyoosha mkono. Nilipanda hatua mbili za mwisho, nikaishika, nikageukia mjini. Mtandao ukaja.

Ting.

Ilikuwa mkononi mwangu. Jina la yule mama lilikaa kwenye kioo chake, herufi zangu mwenyewe. Nililisukuma kwa kidole likatoka. Ting tena: mwenzetu mmoja ameuliza chini ya tiketi kama ni kweli. Nikasukuma tena.

"Ni nani?" alisema nyuma ya bega langu.

"Rezo inasalimia."

Nikaandika namba ya Muzee, ninayoijua kwa moyo. Safari hii iliita. Aliposema alo, nilimsemesha Kishi, lugha ya kwetu. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: nilichoandika, nilikoandika, na simu ninayoshika ni ya nani.

Muzee hakupiga kelele. "Amesimama wapi?"

"Hapa."

"Usimrudishie mpaka nikuambie."

Nilimsikia bandarini Bukavu akifungua begi la kompyuta, wabeba mizigo wakigombana karibu yake. Papa Firimbi alikuwa amekaribia. "Kishi sasa?" akasema akicheka. "Muko munanisema?"

"Ni mambo ya mugonjwa."

"Unatoka jasho, mama."

"Ni jua."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akaangalia chini, kuelekea foleni. Bahati alikuwa amewasha pikipiki, na yule mama anapanda nyuma na bidoni yake. Papa Firimbi aliinua firimbi, akaiweka mdomoni, hakupuliza.

"Yule wa petroli anaenda wapi?"

"Nimemuita biro, kule ofisini. Unasema bidon yake inanuka, tutamupa ingine."

Firimbi ilikaa mdomoni. Halafu akaitoa, akaipangusa kwenye shati. "Vizuri," akasema. "Mumupe ya njano kama batu bengine."

Kwenye sikio langu Muzee alisema, "Nimefungua sanduku jipya. Limefungwa. Tuko wawili ndani yake, mimi na wewe. Tiketi imehamia. Sasa mrudishie."

Nilimrudishia. Alifungua programu pale pale mbele yangu, akapandisha kwa kidole, akashusha. Nilihesabu pumzi zake.

"Hakuna kazi leo," alisema.

"Hakuna."

Mpaka leo sijui kama aliona kitu. Nilishuka mawe yale nikijua macho yako mgongoni mwangu, na nilijikaza nisikimbie.

Tulipanda pikipiki watatu na mtoto mpaka kwangu Ndosho. Wadogo zangu walipika. Niliweka sahani mbele yetu, ile ile ya mama, nikamwambia karibu, hapa tunakula pamoja. Yule mama hakunyoosha mkono. Bahati alikuwa ameshamweleza njiani kwa nini tulikimbia, simu nane, saa sita, vyote. Alikaa akiangalia ugali.

"Mama," alisema, "nilikuambia weye. Sikuambia batu bote."

Nilisimama, nikatafuta sahani ndogo kabatini, ilikuwa na vumbi. Nikaiosha, nikampakulia pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile. Nilingoja nyumba ianguke. Haikuanguka. Mtoto wake alikula akashiba akalala.

Ndani ya sanduku lililofungwa wanawake wengine wanne walizungumza baadaye, kila mmoja na mama aliyemchagua mwenyewe amwandikie, na huyo akaongezwa mlangoni, si mwingine, mpaka kazi ilipokwisha. Papa Firimbi aliondolewa kazini. Alikwenda wapi, sikuambiwa. Firimbi ya askari wa barabarani ikilia Birere, nasimama mpaka nione shingo iliyoivaa.

Wenzangu wanane nilimwendea kila mmoja, nikawaomba wafute. Walifuta. Lakini tiketi inahama, masikio hayahami. Wiki mbili baadaye nilisikia jina lake kwa mtu ambaye hakuwa hata wa ofisi yetu. Yule mama hakurudi tena Kanyaruchinya, na si kwa sababu ya Papa Firimbi peke yake. Ni kwa sababu yangu pia.

Muzee aliporudi nilimwandalia barua ya kuacha kazi. Aliisoma, akageuza karatasi, akaandika nyuma yake orodha ya vitu vya kununua. "Nilikuambia mulango," akasema, "weye ukasikia sahani. Kaa chini. Sasa unajua kitu ambacho ingenieri bangu hawajue."

Basi wanangu, mkiniuliza tena, fanyeni hivi kabla hamjapiga simu. Kazi ikiwa na watu wale wale, hatua zile zile, msifungue mradi kwa sababu tu mfadhili ni mpya au mtaa ni mwingine. Mtaishia watatu kwenye shimo moja. Bandikeni etiketi. Hatua zikiwa tofauti, fungueni, msimlazimishe mtu wa magari aandike maji. Lakini kabla ya hayo yote, fungueni orodha ya walio ndani ya sanduku na msome majina yao kwa sauti, mmoja mmoja, huku mkimfikiria aliyewaambia neno. Mkifika kwenye jina moja ulimi ukasita, simameni hapo. Hilo sanduku si la neno hilo. Na kichwa cha tiketi kinasafiri mbali kuliko tiketi yenyewe. Jina la mtu msiliweke huko kamwe. Mkiogopa, vizuri. Anayebonyeza bila kuogopa ndiye ninayemwogopa.

Siku yangu ya mwisho kazini walinikatia keki. Muzee mwenyewe alikuwa ameshapumzika, kiti chake alikuwa nacho binti mmoja mpole. Nilimwomba kitu kimoja: anitoe kwenye lile sanduku lililofungwa.

"Hata weye, Mama? Si ni weye uliandika?"

"Hata mimi. Kazi imekwisha. Sina tena sababu ya kusikia."

Alibonyeza. Nilijaribu kulifungua mbele yake, programu ikanikatalia kwa Kifaransa. Lile neno lilikuwa kwenye katoni yangu, la saba kutoka juu. Sikuhitaji kuigeuza katoni nijue maana.

Kambi sasa haiko, mawe yamebaki. Mwezi uliopita nilikuwa Birere natafuta nyanya. Nyuma ya meza moja niliona bidoni ya bulu, imekatwa juu, imejaa maji ya kuoshea mboga. Nilitaka kupita haraka. Yule mama aliniona.

Hatukusalimiana. Aliendelea kuosha nyanya, akizungumza nazo kama siku ile.

"Mama wa kaye. Yale maneno yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya mulango imefungwa."

"Nani anafungua?"

"Mutu mumoja. Si mimi. Nilitolewa. Hata nikitaka, siwezi kuisoma tena."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia simu yangu mkononi, kama mtu anayengoja ilie. Tulingoja wote wawili. Haikulia.

"Bon, sawa," alisema, akaanza kunichagulia nyanya, ngumu ngumu, kutoka chini ya fungu.